Unacheza Gemu Gani Siku Hizi?

Wapenzi wa gemu wakikutana baada ya kitambo, hawamalizi habari za kazi na za nyumbani kabla mmoja hajauliza: siku hizi unacheza gani? Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Gemu moja inaweza kumeza saa hamsini za mtu, bando la mwezi mzima na usingizi wa siku za kazi. Anayejibu "tafuta hii, hutajuta" amejitwika dhamana, na akikosea mara mbili hataulizwa tena. Ndiyo maana neno la rafiki linashinda bango la barabarani. Karibu kila gemu ninayoipenda ilinifikia hivyo, kwa mdomo wa mtu aliyeicheza mwenyewe.

Wengi wetu tulijifunza hayo kwenye banda la gemu. Chumba kimoja, runinga mbili tatu, feni, benchi la mbao, na mwenye banda anayekusanya pesa kwa mechi au kwa nusu saa. Sheria inajulikana bila kuandikwa ukutani: mshindi anabaki na pedi, aliyefungwa anampisha anayefuata. Walio kwenye benchi ndio wachambuzi. Wanajua timu ipi ina winga mwenye mbio, nani hajui kukaba, nani anakimbilia Real Madrid kila siku kwa kuwa hana mbinu nyingine. Kwa miaka mingi mabanda haya yalibebwa na PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000 na kuuzwa takriban milioni 160 duniani. Toleo la mwisho la FIFA lililotengenezwa kwa ajili yake lilikuwa FIFA 14, la mwaka 2013, lakini wenye mabanda hawakuona sababu ya kuzima runinga. Sidi zilipochakaa, zilitafutwa nyingine.

Mpira bado unatawala. Mwaka 2023 kampuni ya EA iliachana na shirikisho la FIFA, na gemu yake ikapewa jina jipya, EA Sports FC. Ingia bandani uwasikilize vijana, wanaiita FIFA tu. Konami nayo iligeuza gemu yake ya mpira, PES, kuwa eFootball mwaka 2021, ikaifanya ya bure na kuishusha hadi kwenye simu. Lakini ukitaka kuona jinsi watu wetu wanavyogawana gemu, tazama Dream League Soccer ya kampuni ya Uingereza, First Touch. Gemu hiyo inamruhusu mchezaji kuivalisha timu yake jezi na nembo kwa kubandika kiungo cha picha. Basi msimu mpya ukianza, wapo vijana wanaokaa wakachora jezi mpya za Simba na Yanga, mstari kwa mstari, mpaka jina la mdhamini kifuani. Viungo vinasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Wanachotaka ni kuona watani wa jadi wakikutana kwenye simu zao wakiwa na jezi sahihi za mwaka huu. Naiheshimu kazi hiyo kuliko tangazo lolote la gemu nililowahi kuliona.

Ukitoka kwenye mpira, mazungumzo yananyauka. Mtu mzima atakusimulia bila haya tamthilia ya Kituruki anayoifuata, mpaka nani kamsaliti nani. Gemu anaicheza kimya kimya, kana kwamba ni utoto ambao haujamtoka. Hasara ya ukimya huo ni kubwa kuliko zamani, kwa sababu gemu nyingi nzuri za miaka hii zinatoka mikononi mwa mtu mmoja, wawili au watatu. Hawana fedha za mabango wala za kumlipa mchezaji nyota awapigie picha. Wana midomo yetu tu.

Chukua Vampire Survivors. Luca Galante, Mwitaliano anayeishi Uingereza, alianza kuiuza mwishoni mwa mwaka 2021 kwa takriban dola tatu. Sura yake ni ya kizamani, na kazi yako pekee ni kumwelekeza mhusika pa kwenda. Silaha zinajifyatua zenyewe. Maadui wanaanza wachache, mwishowe wanajaa skrini nzima, na wewe unatakiwa uwe hai dakika thelathini zikitimia. Machi 2023 gemu hii ilitwaa tuzo ya BAFTA ya gemu bora, ikiziacha nyuma Elden Ring na God of War Ragnarök, ambazo zilitengenezwa na mamia ya watu. Kwenye simu inapatikana bure na inachezwa kwa kidole gumba kimoja. Mtu anaweza kuicheza amesimama ndani ya daladala, mkono wa pili umeshika bomba.

Kama ningetakiwa kutaja moja tu kwa mtu ambaye hajawahi kujihesabu mchezaji, ningetaja Balatro. Hii ni gemu ya karata, na anayejua karata anaanza na mtaji. Unapewa karata nane, unacheza zisizozidi tano kwa mara moja, na mpangilio wake ndio unaokupa alama: jozi, tatu za aina moja, mfuatano, au tano zote za kopa, uru, shupaza au pau. Kila mpangilio una alama zake za mwanzo na kizidisho chake. Piga hesabu ya jozi ya wafalme. Jozi yenyewe ina alama 10, kila mfalme ana 10, jumla 30. Kizidisho ni 2, umepata 60. Mzunguko wa pili wa gemu unadai alama 450, nawe una nafasi nne tu za kutupa karata mezani. Hata ukiangukiwa na jozi yenye thamani hiyo mara zote nne, utaishia 240. Umekwisha.

Dawa iko dukani. Kila ukivuka mzunguko unapata vijisenti vya ndani ya gemu, unaingia dukani na kununua jokeri. Jokeri wa kawaida kabisa anaongeza 4 kwenye kizidisho. Ile 2 inakuwa 6, jozi ileile ya wafalme inakuwa 180, na ukipata jozi za thamani hiyo mara tatu umevuka. Jokeri wako 150, na kila mmoja ana tabia yake. Yupo anayekulipa kwa kila karata ya uru. Yupo anayenenepa kila unapocheza bila karata yenye sura ya mtu, na ukiitumia hata moja anarudi sifuri. Yupo anayeiga kazi ya jokeri aliyekaa kulia kwake, kwa hiyo hata mpangilio wa kuwakalisha ni hesabu. Nafasi za kuwaweka ni tano tu, kwa kawaida. Gemu iliyoanza kwa kukudai alama 300 itakudai 100,000 au zaidi mbele ya bosi wa hatua ya nane, na utamu wote uko kwenye ule muda unapogundua kwamba jokeri wawili uliowanunua kwa sababu tofauti kabisa wanasaidiana. Alama zinaanza kupanda, namba zinawaka moto kwenye skrini, na unajikuta unacheka peke yako.

Aliyeitengeneza ni Mkanada mmoja anayejiita LocalThunk, ambaye ameamua kutoliweka jina lake halisi hadharani. Gemu ilitoka Februari 20, 2024, ikauza nakala milioni moja ndani ya mwezi wa kwanza. Ilipofika Januari 2025 zilikuwa milioni tano. Septemba 2024 iliingia kwenye simu. Desemba ya mwaka huo, kwenye tuzo za The Game Awards, ilishinda tatu: gemu huru bora, kazi bora ya kwanza ya studio huru, na gemu bora ya simu.

Kuna jambo wazazi wanapaswa kulijua hapa, kwa sababu kwetu karata na kamari zinatajwa kwa pumzi moja. Ndani ya Balatro hakuna mahali pa kuweka dau la pesa halisi. Ukishainunua, imekwisha, huulizwi shilingi nyingine. Hata hivyo PEGI, chombo kinachopanga umri wa gemu Ulaya, kiliipa alama ya miaka 18 kwa kuwa inatumia mipangilio ya karata za kamari. Rufaa ilikatwa, na Februari 2025 ikashushwa hadi miaka 12. Muda wote huo, gemu za mpira zinazouza pakiti za wachezaji kwa pesa halisi, ambapo hujui umenunua nani mpaka ufungue, zilikuwa na alama ya miaka 3. Mzazi anayempa mtoto simu iliyounganishwa na akaunti yake ya pesa aanze kuzikagua hizo pakiti kabla hajagombana na jokeri.

Kutoka kwenye karata twende mpakani. Yeyote aliyepanga foleni Namanga, Tunduma au Rusumo akiwa na pasipoti mkononi na roho juu ataielewa Papers, Please kabla ya kusoma maelekezo. Lucas Pope, Mmarekani aliyehamia Japani, aliitoa mwaka 2013. Tangu 2022 inachezwa kwenye simu. Wewe ndiye ofisa wa uhamiaji katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka. Unakaa kwenye kibanda chako, mlango unafunguliwa, mtu anaweka karatasi mezani. Unalinganisha picha na uso, tarehe na kalenda, mji wa kutolea pasipoti na orodha ya miji, kisha unagonga muhuri wa kijani au mwekundu. Unalipwa kwa idadi ya watu uliowahudumia sawasawa. Ukikosea mno, unakatwa. Jioni unaletewa hesabu ya nyumbani: kodi ya pango, chakula, joto, dawa. Una mke, mtoto, mama mkwe na mjomba, na mshahara hautoshi.

Kila asubuhi kanuni zinabadilika. Leo raia wa nchi jirani wanaruhusiwa, kesho wanatakiwa kuwa na kibali, keshokutwa kibali kina karatasi ya pili. Mapema kabisa anakuja mwanamume ambaye karatasi zake ni safi, anapita, anakuomba umhurumie mke wake aliye nyuma yake kwenye foleni. Mke anafika. Kibali hana. Hakuna kitufe cha huruma, kuna mihuri miwili tu, na ukimpitisha kosa litaandikwa kwa jina lako. Nimewahi kumpa mtu gemu hii acheze kwa dakika chache tu, naye akaendelea mpaka alipofikia familia hiyo. Aliweka simu chini, akakaa kimya, kisha akaniuliza mimi nilifanyaje. Tulibishana hadi chai ikapoa. Nadhani hakuna kitabu kilichowahi kunieleza vizuri zaidi namna mtu mwema anavyogeuka kuwa kikwazo cha wenzake kwa kufuata utaratibu. Kitabu kinakuonyesha ofisa akigonga muhuri. Hapa unaugonga wewe.

Nyingine nazitaja mbiombio, si kwa kuzidharau. Stardew Valley, ya kilimo na ujirani, ilitengenezwa na Eric Barone wa Seattle peke yake kwa zaidi ya miaka minne: michoro, muziki, hadithi na programu, vyote vyake. Ilitoka Februari 2016, imeuza nakala zaidi ya milioni 40, na bado anaiongezea mambo mapya bila kudai malipo ya ziada. Ni ya mtu aliyechoka, anayetaka kumwagilia mimea yake, kuvua samaki na kulala. Hollow Knight: Silksong ya Team Cherry, kikundi cha watu wachache sana wa Adelaide, Australia, ilisubiriwa tangu ilipotangazwa mwaka 2019, na ilipoachiwa Septemba 4, 2025, maduka ya mtandaoni yalielemewa na umati kwa saa kadhaa. Ni nzuri kupindukia, na ni ngumu. Nampa tu mtu ambaye najua anapenda kuanguka na kuinuka.

Na usiidharau ludo. Ludo King ya kampuni ya Kihindi Gametion, iliyotoka mwaka 2016, inakuwezesha kufungua meza na kuwaita watu wako popote walipo. Mama mdogo wangu anaishi Maskati, na usiku baada ya isha anatuma namba ya meza kwenye grupu la familia: mmoja anaingia kutoka Mombasa, mwingine Tanga, mwingine London akiwa safarini kurudi nyumbani. Kete ikilambwa, malalamiko yanaletwa kwa ujumbe wa sauti. Kwa kipimo cha wakosoaji wa gemu, hii si kazi ya sanaa. Kwa kipimo changu, gemu inayomfanya mama wa miaka sitini na kitu amkumbuke mpwa wake kila usiku ina haki ya kutajwa katika ukurasa huu.

Iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Tales of Kenzera: Zau ilitoka Aprili 23, 2024. Mwenye wazo lake ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wachezaji waliishika sauti yake alipokuwa Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Alifiwa na baba yake, akabaki miaka mingi akitafuta namna ya kuusema msiba huo, hatimaye akaanzisha studio ya Surgent na kuusema kwa gemu. Ndani yake kijana Zuberi, aliyefiwa na baba, anafungua kitabu alichoachiwa na marehemu. Kitabu kinasimulia habari za Zau, mganga kijana ambaye naye amempoteza baba na amekataa kukubali. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na wanawekeana mapatano: mletee roho tatu kubwa zilizogoma kwenda kuzimu, naye atakurudishia baba yako.

Mikononi, gemu inachezwa hivi. Unakimbia, unaruka, unapanda kuta, unazunguka katika nchi ambayo milango yake inafunguka kadiri unavyopata uwezo mpya. Zau ana vinyago viwili vya baba yake. Kinyago cha Jua ni cha moto na cha kupigana karibu. Cha Mwezi ni cha kurusha kutoka mbali. Unabadilisha kwa kitufe kimoja katikati ya mapambano, na ukishazoea mwili wa Zau unacheza ngoma. Roho anazozifuata zimetolewa katika masimulizi ya pande mbalimbali za Afrika. Mmoja ni Impundulu, ndege wa radi wa kusini mwa bara. Jina la Kalunga lenyewe linajulikana kwa watu wa Kongo na Angola, ambao kwao ni mpaka kati ya walio hai na waliotangulia.

Kilichonishika ni huyo Kalunga. Hatishi. Ni mzee mwenye subira anayetembea na kijana, anamwacha afoke, anamjibu taratibu. Njiani kuna mibuyu. Zau akiufikia mbuyu anakaa chini yake, anatulia, wanaongea: kuhusu hasira, kuhusu woga, kuhusu baba alivyokuwa. Akinyanyuka, uhai wake umeongezeka. Gemu ngapi zinakuongezea nguvu kwa sababu umekaa chini ukalia? Aliyewahi kuketi matangani, akaona wazee wanavyomsogelea mfiwa na kumwacha aseme, atajua kilichochorwa hapo kimechorwa na mtu anayekijua.

Ina kasoro. Mapigano yanaanza kujirudia kabla ya mwisho, na kuna sehemu za kukimbizwa ambapo kosa moja linakurudisha nyuma, asiyezoea atakereka. Si ndefu, mwisho wa juma mmoja au miwili unatosha. Lakini gemu hii ina kitu ambacho gemu kubwa karibu zote hazijawahi kutupa: wahusika wake wanaongea Kiswahili. Si maandishi ya chini tu. Ni sauti za waigizaji, tangu mwanzo mpaka mwisho, mtoto akimlilia baba yake kwa lugha ambayo sisi tunamlilia baba.

Haikuuza kama ilivyostahili. Julai mwaka huohuo studio ililazimika kupunguza wafanyakazi. Aprili 2025 BAFTA iliipa tuzo ya gemu inayovuka mipaka ya burudani, nikadhani sasa itasikika. Tangu hapo nimewauliza wachezaji wengi wa Dar es Salaam na Mombasa, watu wanaojua bei ya kila mchezaji wa EA Sports FC, na wengi wao hawajawahi kulisikia jina lake. Hilo linaniuma. Gemu yenye Kiswahili chetu imezunguka dunia nzima na kutupita mlangoni, kwa sababu tu hakuna aliyemgusa mwenzake bega na kumwambia.

Ilipotoka bei yake ilikuwa dola 20, na mara nyingi hushushwa. Inapatikana kwa PlayStation 5, Xbox Series, Nintendo Switch na kompyuta. Kama mapigano yatakushinda, punguza ugumu wake bila aibu, hadithi haibadiliki. Ila kabla hujabonyeza kuanza, ingia kwenye mipangilio na uchague sauti ya Kiswahili.